Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Siku lami ilipofika kijijini kwetu Ladea, mama alivua kandambili zake akaikanyaga kwa miguu mitupu. Ilikuwa bado ya moto. Akarukaruka, akacheka, akaikanyaga tena.

"Rennu," akaniambia, "hili joto ni letu."

Lilikuwa letu kweli. Babu alipogawa ardhi, wajomba walichukua mashamba ya mpunga, na mama, binti yake wa pekee, akapewa kipande cha mawe na magugu ambacho hata mbuzi walikipita bila kugeuza shingo. Kwa miaka yote niliyoishi watu walimpa mama pole kwa ajili ya kipande kile. Halafu wakuu wa wilaya wakachora barabara ya malori ya mpunga yaendayo bandarini Parepare, na barabara ile, bila kuombwa na mtu, ikapita ukingoni mwa magugu yetu. Pole zikakoma. Watu ambao hawakuwahi kunitazama mara mbili wakaanza kuniuliza kama nimekula.

Kijiji kizima kiliota mchana kweupe. Huyu anataka gereji, yule anataka duka la simu. Jirani yetu Besse Kambo alitangaza kwamba atafungua saluni, yeye ambaye nywele zake zilikuwa hazijaonana na kitana tangu Idi. Naye Haji Pabeangi, mwenye minara mitatu ya saruji ya kufugia vijumbamshale, alitaka mnara wa nne. Minara ile haina madirisha, ina matundu tu, na vipaza sauti vinavyolia kindege kutwa kucha ili ndege wadhani ndani kuna wenzao, waingie, wajenge viota. Viota vinasafirishwa mbali vikaliwe na matajiri. Haji alikuwa anatembelea kiwanja chetu kila baada ya swala ya alasiri, anasimama kati ya magugu, anatazama juu, kama anayehesabu ndege ambao hawajazaliwa.

"Hawang," alimwambia mama, "niuzie. Mawe yale wewe utayafanyia nini?"

Jibu lake mama alinipa mimi. Kaka yangu alikuwa Nunukan, ng'ambo ya bahari, kwenye mashamba ya michikichi, na kila alipopiga simu alituita tumfuate. Nusu ya kijiji chetu iko kule. Mama alikuwa amechoka kubaki na nusu nyingine.

"Nakupa mpaka mwisho wa mavuno," akaniambia. "Tuhamishie nyumba barabarani, ufungue hilo duka unaloliimba. Likisimama, tunabaki. Lisiposimama, Haji achukue kiwanja, nyumba iuzwe kama mbao, mimi na wewe tupande meli. Na usininunie melini."

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Duka lile nilikuwa nimeshalijenga kichwani mpaka rafu ya mwisho. Nyumba yetu, kama nyumba zote za kwetu, ni ya mbao, imesimama juu ya nguzo, na mvungu wake una kimo cha mtu mzima na kofia yake. Mbele ina baraza pana na ngazi yenye mikono ya kushikia. Mvunguni mwa baraza ile, penye kivuli na pakavu, ningepanga sabuni, sukari, mafuta, vocha, na benchi la wapita njia. Lilihitajika jambo moja tu: nyumba itoke mahali ilipo, nyuma ya kijiji, kwenye ardhi ya mjomba, isogezwe mpaka kwenye lami.

Kusogeza nyumba kwetu si ajabu. Watu wanaibeba.

Mjomba Mappiasse, kaka mkubwa wa mama, ndiye anayeongoza nyumba. Hiyo ndiyo kazi yake, na siku ambazo hakuna nyumba ya kuongoza anaongoza watu, hata wasiotaka. Alichagua Ijumaa baada ya swala. Asubuhi tulishusha vyombo, kabati la vioo, televisheni na magodoro. Ngazi ikafunguliwa. Mianzi minene ikafungwa kwenye nguzo, ya urefu na ya upana, mpaka nyumba ikawa kama imefumwa. Mjomba akaiendea nguzo ya kitovu, ile ya katikati ambayo husimamishwa kabla ya zote nyumba inapojengwa, akaifunga nazi, shada la ndizi na sukari ya mtende, akainong'oneza maneno ambayo hajawahi kumfundisha mtu. Kisha akapanda, akasimama mlangoni na kipaza sauti cha mkononi alichoazima msikitini.

Kipaza sauti kile kilikuwa na kitufe cha kuongelea na kitufe cha king'ora, na mjomba hakuwahi kuvitofautisha.

Wanaume wakaja, na wakaendelea kuja. Waliokosana kwa ajili ya maji ya mashamba wakasimama bega kwa bega chini ya mwanzi mmoja. Sisi wanawake tulijipanga kando na masinia ya barongko, ndizi za kuponda zilizopikwa kwa mvuke kwenye majani, na birika za kahawa.

"Mjomba, ukianguka humo tukuzike hapohapo au tukupeleke na nyumba?" mtu akauliza kutoka mvunguni.

"Nyamaza wewe, mwanzi wako unabebwa na mwenzio," mjomba akajibu, kisha king'ora kikalia, mbwa wote wa Ladea wakaitikia, na wanaume kwa kicheko na kishindo wakainua.

Nyumba yangu ikanyanyuka. Mapazia yalipepea. Chini yake ilionekana miguu tu, miguu mingi yenye matope, kama tandu aliyevaa paa. Wanawake tulikimbia pembeni tukipiga vigelegele. Mama alikimbia pia, ameshikilia mtandio kwa meno.

Sasa, nyumba ilikuwa imeitazama njia ya zamani, upande wa mashariki. Barabara mpya iko magharibi. Kwa hiyo ilibebwa kinyumenyume, jiko limetangulia, mjomba akiwa mlangoni upande wa nyuma ya msafara, akiongoza asichokiona. Hilo lilikuwa limepangwa. Mpango ulikuwa kufika kwenye shamba la Haji, ambalo lilikuwa limevunwa mapema na ni pana, tuigeuze pale, kisha iendelee na uso wake mbele.

Tulipofika tukakuta shamba limejaa bata. Mchungaji wa bata alikuwa ameingia nao asubuhi ile kuokota punje, mamia ya bata, na hakuna anayeweza kuwaambia bata wapishe nyumba. Walipanda juu ya miguu ya watu. Walipiga kelele kuliko king'ora.

"Tutaigeuza mbele," mjomba akatangaza. "Songa."

Wakasonga. Mbele kulikuwa na mianzi kila upande, njia nyembamba. Baada ya mianzi, lami ikaonekana inang'aa, na wingu jeusi limeinama juu yake, na mtu akapaza sauti kwamba mvua inakuja, na wanaume wote, badala ya kwenda, wakaanza kukimbia. Nyumba ikakimbia. Naapa hakuna aliyekuwa na akili ya kugeuza kitu wakati ule, mimi nikiwemo. Nilikuwa nalia na kucheka, nimemwaga kahawa yote.

Mawe ya kusimamishia nguzo yalikuwa yamepangwa tayari kwenye kiwanja, safu kwa safu. Nyumba ikashushwa. Kila nguzo ikakaa juu ya jiwe lake, sawasawa, bila kutikisika. Nyumba yetu ina nguzo sawa mbele na nyuma, basi mawe hayakuwa na la kusema. Watu wakashangilia. Mjomba akanyunyiza maji kwenye nguzo ya kitovu, akasoma dua, tukaitikia amina. Mama akapangusa macho.

Ndipo wakaja wabeba ngazi.

Walikuja wawili, wametota jasho, ngazi begani. Wakapita upande wa barabara, wakaitua, wakaiinua kuiegemeza. Wakasimama. Mmoja akatazama juu. Mwenzake naye akatazama juu. Mbele yao palikuwa na ukuta wa jiko, mweusi kwa masizi, dirisha dogo la jiko, na kamba ambayo matambara ya mama yalikuwa yamesahauliwa juu yake.

"Mjomba," mmoja akauliza taratibu, "mlango umeuweka wapi?"

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Kisha Besse Kambo akaketi chini kwenye magugu, akajifunika uso na sinia, mabega yakaanza kumtetemeka.

Baraza langu pana lilikuwa linautazama mgomba wa Haji, huko nyuma ya kiwanja. Ngazi ikafungwa huko. Kwenye lami tulikuwa tumeweka mgongo. Na msidhani mvungu wa jiko unaweza kuwa duka. Sakafu ya jiko kwetu ni ya mianzi yenye nafasi, maji ya vyombo na maganda yanadondoka chini, na chini ni tope na bata. Sabuni ungeiuza ikiwa imeshalowa.

"Tuinue tena," nikasema. "Sasa hivi. Bado mpo wote."

"Dua imeshasomwa," mjomba akasema, bila kipaza sauti, sauti yake ya kweli ikiwa ndogo ajabu. "Kitovu kimeshakaa. Mimi siinui nyumba mara mbili kwa siku, Rennu, hata kama ni kosa langu. Na si langu. Ni la bata."

"Lini basi?"

"Baada ya mavuno. Wakirudi mashambani leo, hutawapata tena mpaka mpunga uishe."

Baada ya mavuno. Nikamtazama mama. Mama alikuwa anayatazama matambara yake kwenye kamba, mbele ya kijiji chote na barabara ya wilaya, na nilijua anaiona meli.

Haji Pabeangi alikuwa amesimama ng'ambo ya lami chini ya mwavuli. "Hawang," akaita kwa upole, "nyumba yako imenuna."

Hapo ndipo walipocheka. Mvua nayo ikashuka.

Wanaume wakajibanza mvunguni. Walikuwa wamebeba nyumba na lazima wale, kosa au si kosa, basi wanawake tukapanda na vyombo kwa ngazi ile ya aibu, tukavuka nyumba nzima mpaka jikoni, tukawasha moto wa kwanza. Nikaanza kukaanga sanggara peppe, ndizi ambazo hazijaiva sawasawa: unazikaanga, unaziponda bapa, unazikaanga tena, unazipeleka na pilipili ya kusaga. Nilizipiga ndizi zile kwa hasira. Kila ndizi niliiita Mappiasse.

Nje malori yalikuwa yamesimama, kwa sababu pikipiki za waliotubebea zilikuwa zimezagaa barabarani. Nilikuwa nageuza kaango niliposikia sauti karibu na sikio langu.

"Dada, hizo zinauzwa, au zinatesa watu tu?"

Nikageuka. Dirishani mwa jiko langu palikuwa na kichwa cha mwanamume. Hakuwa amepanda kitu. Alikuwa ameketi kwenye lori lake, kiwiko nje ya dirisha, nami nimesimama jikoni kwangu, na macho yetu yalikuwa sawa. Barabara ilikuwa imeinuliwa kwa kifusi, nyumba imeinuliwa kwa nguzo, lori limeinuliwa kwa magurudumu, na vyote vitatu vilikuwa vimekubaliana urefu bila kutushirikisha. Kati ya dirisha lake na langu palikuwa na pengo la mkono mmoja.

"Zinatesa watu," nikasema.

"Basi mimi nimeshateseka. Nipe tano."

Nikampa. Nilinyoosha mkono tu, naye akanyoosha wake. Hakuteremka, hakulowa, hata injini hakuizima. Akang'ata, akafumba macho, akauliza kama kuna kahawa. Nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga na mrija, nikampitishia. Jina lake Sangkala, nililijua baadaye.

Lori la nyuma likapiga honi. Nilidhani linamfokea Sangkala aondoke. Akachungulia nyuma, akacheka.

"Hamfokei mtu, huyo. Anauliza na yeye."

Nikampigia kelele Besse Kambo alete ndizi. "Zipi? Hizi za wabeba nyumba?" akauliza. Nikamwambia wabeba nyumba wasubiri, wamezoea kubeba. Malori yale yote yalipoondoka, sinia lilikuwa tupu, na wanaume mvunguni walikuwa wanagonga sakafu kwa mianzi wakidai haki yao.

"Mama," nikasema, "duka limefunguliwa."

"Hili ni jiko," mama akasema.

"Ni duka."

"Ni jiko, Rennu. Watu wanaliona masizi yangu. Wanaona sufuria zangu. Nyumba ina mbele na nyuma kama mtu. Wewe unataka nikae barabarani nimevaa nguo kinyume, halafu niuze?"

Hakuwa anatania. Siku zilizofuata aliingia jikoni kwa kuinama ili asionekane dirishani. Aliwasha moto ameinama, alikoroga mchuzi ameinama, na honi ikilia aliketi kabisa sakafuni na kujifunika mtandio. Mimi niliuza. Asubuhi malori yalishuka na mpunga, jioni yakapanda na saruji, na madereva waligundua kwamba wakinipigia honi kule kwenye mianzi, wakifika kahawa iko tayari mkononi mwangu. Nilizijua honi zao. Ya Sangkala ililia kama mbuzi mwenye mafua. Wasafiri wa pikipiki walinyanyua mikono nikawashushia kikapu kwa kamba. Nilikuwa naungua vidole, nanuka mafuta mpaka kope, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Ila furaha yangu haikuwa hukumu. Mwenye hukumu alikuwa ameketi sakafuni na mtandio usoni.

Mavuno yakawa yanaelekea ukingoni. Haji akatuma neno kwamba atakuja siku ya soko kuchukua jibu. Asubuhi ya siku hiyo ndizi ziliniishia, nikalazimika kukimbia sokoni mwenyewe. Nilimwomba mama apokee honi.

"Sipokei honi ya mtu," akasema.

"Basi waache wapite."

Nilikimbia na roho mkononi. Niliporudi, mkungu begani, nilisikia sauti ya mama kabla sijaiona nyumba.

"Wewe wa saruji, rudi nyuma. Nimeona ulivyoingia mbele ya mwenzako. Kwa mama yako unafanya hivyo?"

"Mama, nina haraka."

"Haraka yako iliamka saa ngapi? Huyu alikuwa hapa. Na wewe, mbona umekonda? Ongeza moja, kula, nasema kula."

Alikuwa amejitokeza dirishani mpaka kiunoni. Mtandio ulikuwa umemwangukia mabegani, shavu lina masizi, mwiko mkononi, na malori yamejipanga mpaka kwenye mianzi kama watoto wa chuo mbele ya mwalimu wao. Aliponiona alinikaripia kwa kuchelewa. Nilipanda mbio, nikamenya, nikaponda, nikakaanga.

Nyuma ya malori kulikuwa na gari dogo jeupe linalopiga honi bila kukoma. Honi ile sikuijua.

"Nani huyo mwenye kelele?" mama akauliza.

Sangkala, ambaye alikuwa dirishani wakati ule, akachungulia. "Ni yule Haji wa ndege, mama. Anasema ana miadi na wewe."

"Mwambie apange foleni."

Neno likapelekwa dereva kwa dereva. Honi ikanyamaza. Haji Pabeangi akapanga foleni. Gari lake lilipofika chini ya dirisha lilikuwa fupi mno, ikabidi atoke, asimame kwenye lami na kuinua kichwa.

"Hawang, nimekuja kuchukua jibu."

Mama akamtazama kutoka juu. Nilijua angeweza kusema lolote. Mama ni mtu wa kuuza anachokipenda akiona kinamdhalilisha.

"Haji," akasema, "kiwanja hakiuzwi. Ungekuja wiki iliyopita ungenikuta sakafuni, labda ningekuuzia. Leo umenikuta nimesimama. Utakula ndizi?"

Haji akalitazama jiko letu, foleni, lami. Akageuza shingo polepole akatazama ng'ambo ya barabara, palipo na kipande chake mwenyewe.

"Nipe nne," akasema. "Na pilipili." Akala amesimama. Alipomaliza akajipangusa vidole, akauliza kama anayeulizia hali ya hewa: "Mappiasse yuko wapi siku hizi?"

Mjomba alikuwa mvunguni. Tangu asubuhi alikuwa huko na mianzi na wanaume wachache waliokwisha kuvuna, amekuja kutimiza ahadi yake ya kutugeuzia nyumba, ila hakuna aliyempa nafasi ya kusema. Sasa akatoka, ameshika kipaza sauti.

"Nipo, Haji."

"Ile nyumba yangu ya zamani, anayokaa binti yangu. Nataka iletwe pale ng'ambo."

"Itazame wapi?"

Haji akasitasita, akashusha sauti, lakini mama ana masikio.

"Jiko barabarani," Haji akasema.

"Kaka," mama akamwita mjomba kutoka dirishani, "mbebee. Ila mwambie binti yake akaange mihogo. Ndizi ni zetu."

Mjomba akanyanyua kipaza sauti ili atangaze siku mbele ya wote, akabonyeza, na king'ora kikalia barabara nzima. Malori, yakidhani ni utaratibu mpya, yakaitikia kwa honi moja baada ya jingine mpaka kwenye mianzi, na mama akaniambia nikazane, wateja wanaita.